Dhima si hatia

Kila lori au basi linapoua au kujeruhi watu, haikosekani kauli kwamba kampuni "haina dhima" kwa kuwa aliyekosa ni dereva. Kauli hiyo inachanganya maneno mawili, dhima na hatia, na wanaoumia ni majeruhi, kwa sababu wengi wao huiamini na kuacha kumwona wakili.

Dhima, katika sheria ya madai, ni wajibu wa kubeba madhara yaliyompata mtu mwingine, kwa kawaida kwa kumlipa fidia.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, lakini hayana asili moja. Hatia ilitoka katika neno lenye maana ya dhambi au kosa, nayo humganda aliyetenda. Dhima ilikuwa ahadi, ulinzi na wajibu ulio shingoni mwa mtu. Ndiyo maana katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, husemwa kuwa deni limo katika dhima ya mdaiwa. Wapo pia wanaoifanya dhima kuwa ndugu ya dhamana, kwa kuwa sisi huandika dh katika yote mawili, ilhali Kiarabu huyaandika kwa herufi mbili tofauti. Tofauti hiyo si ya tahajia tu: dhamana mtu huichukua mwenyewe kwa kutamka au kutia saini, lakini dhima humwangukia hata asipoikubali.

Ndivyo inavyomwangukia mwajiri. Katika kesi ya Limpus ya mwaka 1862, nchini Uingereza, dereva wa basi la kukokotwa na farasi alilizuia kusudi basi la washindani wake, likapinduka. Kampuni yake ilionyesha maagizo ya maandishi yaliyowakataza madereva kufanya hivyo, na bado iliwajibishwa, kwa kuwa dereva alikuwa akifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, japo aliifanya vibaya. Mwaka 1900, katika kesi ya Beard, kampuni hiyohiyo ilinusurika: aliyeshika hatamu alikuwa kondakta, na haikuthibitika kwamba kuendesha kulikuwa sehemu ya kazi yake. Katika kesi zote mbili kampuni haikugusa hatamu. Kilichopimwa ni mipaka ya kazi.

Hapo ndipo msaada wa wakili unapohitajika, tena mapema. Ratiba ya safari, hati za mzigo, kumbukumbu za takografu (kifaa kinachorekodi mwendo wa gari na saa za kuendesha) na za kompyuta ya injini ndizo zinazoonyesha dereva alikuwa katika kazi ya nani na alikuwa ameendesha kwa muda gani, na baadhi yake hufutika gari likirudishwa barabarani, ndiyo maana wakili huanza kwa barua ya kutaka zihifadhiwe. Kumbukumbu hizo huweza pia kufichua uzembe wa kampuni yenyewe, kama vile kumpangia dereva saa zisizomwachia mapumziko. Majeruhi aliyekwisha kutia saini hati ya kuachilia madai ili apokee malipo ya haraka huenda asiweze tena kuzitumia.

Kwa hiyo msemaji anayetaka kueleza kwamba kampuni haikutenda kosa, na aseme kuwa haina hatia, kama ndivyo anavyoamini. Neno dhima aliache hadi ithibitike dereva alikuwa akimfanyia nani kazi saa ile.