Kosa linaonekana juu, mkosaji yuko ndani: itifaki za Swift zinapogoma

"Kaka, hii Xcode imechanganyikiwa." Ndivyo alivyoniambia kijana ninayefanya naye kazi, jioni moja wenzetu wakiwa wameshafunga mabegi. Alikuwa anatengeneza aplikesheni ya iPhone ya kuonyesha vituo vya daladala kwenye ramani, kwa Swift, lugha ya programu ya Apple, ndani ya Xcode, programu ya kuandikia msimbo huo, na msimbo uliomkwamisha ni huu:

```swift
struct Kituo: Codable {
    let id: Int
    let jina: String
    let mahali: CLLocationCoordinate2D
}
```

Kwenye mstari wa kwanza kulikuwa na makosa mawili: `Type 'Kituo' does not conform to protocol 'Decodable'`, na jingine kama hilo kuhusu `Encodable`. Itifaki ni orodha ya masharti ambayo aina ya data inaahidi kuyatimiza: `Decodable` ni ya kusomwa kutoka kwenye data, `Encodable` ni ya kuandikwa, na `Codable` ni zote mbili. Yaani aina yako Kituo haijatimiza masharti ya itifaki hizo. Alikuwa ameukodolea macho mstari ule kwa karibu saa nzima, na mstari wenyewe hauna kosa lolote.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako kwa mashine, inaweka alama nyekundu pale ulipotoa ahadi, si pale ulipoivunja. Ni kama mweka hazina wa kikoba anayekusimamisha mbele ya wanachama na kukwambia hujatimiza masharti, halafu sharti lenyewe limo kwenye daftari lililofungwa. Daftari lipo. Bonyeza Command+5, tafuta kosa lako kwenye orodha, kisha fungua kishale kilicho pembeni yake. Kama hakuna kitu hapo, Command+9 inakuletea kumbukumbu kamili ya ujenzi (build) wa programu. Kwa Kituo, maelezo yaliyojificha yalisema Swift imeshindwa kujiandikia `Decodable` kwa sababu `CLLocationCoordinate2D`, aina ya Apple ya kiwianishi cha ramani, haina `Decodable`. Kumbe saa nzima imepotea na jibu lilikuwa chini ya kishale!

Tangu Swift 4 ya mwaka 2017, `Codable` inakuandikia yenyewe msimbo wa kusoma na kuandika JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), ila kwa sharti kwamba kila sifa inayohifadhiwa ndani ya aina yako nayo iwe `Codable`. `Int`, `String`, `Double` na `Date` hazina shida. `UIImage`, aina ya picha, hapana, na kiwianishi cha ramani vilevile hapana. Tuliondoa mstari wa `let mahali` tukaweka hivi:

```swift
    let latitudo: Double
    let longitudo: Double
    var mahali: CLLocationCoordinate2D {
        CLLocationCoordinate2D(latitude: latitudo,
                               longitude: longitudo)
    }
```

Sifa inayokokotolewa haihifadhiwi, kwa hiyo `Codable` haiigusi. Utakutana na ushauri wa kuiongezea `CLLocationCoordinate2D` yenyewe `Codable` kwa kutumia `extension`, yaani nyongeza kwa aina iliyokwishaandikwa. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi: aina ni ya Apple, itifaki ni ya Swift, na wewe mpita njia unazifungisha ndoa. Siku Apple wakiamua kuiweka wenyewe, kutakuwa na ndoa mbili. Kompaila ya Swift 6, iliyotoka 2024, inakuonya kuhusu jambo hili na kukutaka uandike `@retroactive` kukiri kwamba umefanya makusudi.

Kuna dalili moja ninayoitegemea sana. Kama analalamika `Decodable` peke yake na `Encodable` amenyamaza, nenda moja kwa moja kwenye `CodingKeys`, orodha unayoandika ya sifa zinazoingia kwenye JSON. Mara nyingi umesahau kutaja sifa moja, na sifa hiyo haina thamani ya kuanzia. Wakati wa kuandika JSON inarukwa tu, haina madhara. Wakati wa kusoma, Swift haijui iijaze nini. Wakilalamika wote wawili, basi kuna sifa isiyo `Codable`, au umeandika ufunguo ambao haulingani na jina la sifa yoyote.

Majedwali ya UIKit, maktaba ya Apple ya kujenga skrini, yana matatizo ya namna nyingine. `UITableViewDataSource`, itifaki ya kulisha jedwali data, inadai fanksheni mbili tu: ya kutaja idadi ya safu na ya kutoa kila safu. Ukinakili somo la kabla ya 2016 utapata `cellForRowAtIndexPath`, jina lililofupishwa kuwa `cellForRowAt` katika Swift 3. Kosa litatokea na utalirekebisha. Angalia tu usiharakishe kubonyeza kitufe cha Fix, maana kitakuongezea fanksheni tupu huku ile ya zamani ikibaki pale pale, na utaanza kujaza mpya bila kujua kwamba kazi yote ilikuwa imeshafanyika hapo chini.

Mimi ninaogopa zaidi fanksheni za hiari, zile ambazo itifaki haikulazimishi kuziandika, kwa sababu hizo hazikupi kosa hata moja. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima kwenye orodha ambayo ukigusa safu ya kwanza hakitokei kitu, ukigusa ya pili inafunguka ya kwanza. Nilikagua data, nikakagua faharasa, nikaanza kuilaumu simu. Kumbe wakati wa kuandika nilikubali pendekezo la kwanza la Xcode, likawa `didDeselectRowAt` (safu inapoachwa) badala ya `didSelectRowAt` (safu inapochaguliwa). Zote mbili ni halali kwenye itifaki, ndiyo maana kompaila ilinyamaza kabisa. Siku hizi nikiona `did` nasoma neno lote hadi mwisho.

Kwenye SwiftUI, maktaba mpya zaidi ya Apple ya kujenga skrini, utakutana na `Type '()' cannot conform to 'View'`; `View` ni itifaki ya vitu vinavyoonyeshwa. Mabano hayo matupu maana yake ni "hakuna kilichorudishwa": umeweka ndani ya `body`, sehemu inayoeleza skrini ionyeshe nini, mstari unaotenda badala ya kuonyesha, kwa mfano `print` au kuongeza hesabu. Kama ni `print` ya uchunguzi, andika `let _ = print(...)` na itatulia. Hesabu ihamishie kwenye kitufe au `onAppear`, inayotekelezwa skrini inapojitokeza.

Na kama ujumbe wa kosa unadai kwamba `Text`, ile ya SwiftUI ya kuonyesha maandishi, si `View`, usianze kumtukana Apple. Tafuta kwenye mradi wako kama kuna mtu aliyetengeneza `struct Text` ya kwake kwa ajili ya ujumbe wa mazungumzo. Jina la nyumbani ndilo linalotangulia. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kuziita aina zangu kwa Kiswahili: `Ujumbe`, `Risiti`, `Kituo`. Sijawahi kugongana na Apple kwenye `Risiti`.

Maelezo yasipokusaidia, tengeneza aina mpya tupu yenye itifaki ile ile, kisha hamishia sifa moja moja huku ukijenga kila mara. Itakayogoma ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Ama ile kauli kwamba Xcode imechanganyikiwa, mara chache huwa kweli. Ukiwa umesharekebisha na alama nyekundu bado imeng'ang'ania, bonyeza Command+Shift+K kufuta mabaki ya ujenzi uliopita, jenga upya, na kanywe maji.