Buibui haingii ndani kukimbia baridi

Wengi huamini kwamba majira ya baridi yakikaribia, buibui wa bustanini huhamia nyumbani kutafuta joto na mahali pa kutaga. Sivyo. Joto la mwili wake hufuata hali ya hewa, na buibui wengi wa nchi za theluji huwa na kemikali zinazozuia maji ya mwilini kuganda. Hujikunyata chini ya magome, basi.

Yule wa Ulaya mwenye alama ya msalaba mgongoni hata baridi yenyewe haioni: jike hutaga mamia ya mayai majani yanapopukutika, huyafunga kwenye kifuko cha hariri, kisha hufa. Mayai hubaki yatima hadi machipuko.

Na huyo wa bafuni? Huenda alizaliwa humo humo. Kumtupa nje si kumrudisha kwao.