Je, wajua kwa nini beki wa mwisho ndo alikuwa anaifungia Korea mabao 1994?

Hong Myung-bo nilimjua kwa matokeo kabla sijamwona akicheza. Kombe la Dunia la Marekani 1994, Korea Kusini walifunga mabao manne tu na mawili ni yake, moja kwa Hispania mechi ikaisha 2-2, lingine kwa Ujerumani, ile waliyoenda mapumziko wamechapwa 3-0 wakamaliza 3-2. Nikajua huyu ni kiungo mshambuliaji, nikabishana na watu kijiweni miaka kibao. Kumbe beki wa mwisho!

Na nilipoambiwa nikakosea tena, nikadhani ni wale mabeki wa kati wanaokimbilia kona wapige kichwa halafu wanarudi wanahema. Sio hivyo. Hong alikuwa libero, na libero hapandi kwa tamaa ya bao, anapanda kwa sababu yeye hakupewa mshambuliaji wa kumkaba.

Iko hivi. Enzi zile ukabaji wa mtu na mtu ulikuwa bado upo sana. Chukua daladala: kila abiria ana siti yake, konda hana, ndo maana anazunguka toka mlangoni mpaka kwa dereva na hakuna anayemuuliza. Mabeki wenzake wameshika mastraika, yeye kabaki konda. Sasa kule kwa wapinzani nako kila mtu ana wake, na asiye na mtu ni konda wao, ambaye yuko mbali huko karibu na kipa. Kwa hiyo Hong akianza kutembea na mpira katikati wanabaki kutazamana, nenda wewe, aah nenda wewe, maana ukimwacha mtu wako umfuate Hong, pasi inaenda kwa huyohuyo uliyemwacha.

Ila tusizidishe, bao la Hispania lilikuwa la faulo, hapo ulibero hauhusiki. Lile la Ujerumani shuti la mbali, hilo nalikubali zaidi. Na mechi 136 za taifa alifunga mabao 10 tu, sasa mawili ndani ya siku kumi ni bahati nayo.

Mengine yanajulikana: Kombe la Dunia mara nne, 1990 mpaka 2002, na 2002 ndo yeye nahodha aliyepiga penalti ya mwisho kuitoa Hispania robo fainali, akapewa Mpira wa Shaba, tuzo ya mchezaji wa tatu kwa ubora wa mashindano, beki huyo!

Ukocha umempandisha na kumshusha. Shaba ya Olimpiki London 2012, halafu Kombe la Dunia la Brazil 2014 wakatoka bila ushindi na uwanja wa ndege wakarushiwa pipi za kienyeji ziitwazo yeot, ambazo kumrushia mtu kwa Wakorea ni tusi. Akaipa klabu ya Ulsan ubingwa wa ligi ya Korea 2022 na 2023, na 2024 akarudishwa timu ya taifa. Mwaka uliofuata akaanza kujaribu tena mabeki watatu, na yule wa katikati alikuwa Kim Min-jae.