Kupinga maji ya mji kukabidhiwa mwekezaji: hesabu ya siku 30

Kila kaunti nchini Kenya inapotaja mwekezaji katika huduma za maji, malalamiko humiminika. Mengi hufika yamechelewa, au yamepelekwa ofisi isiyohusika, na hapo hata hoja nzito haiingii kwenye kumbukumbu.

Kampuni ya maji ya kaunti haiwi ya mtu binafsi kwa sababu tu inaitwa kampuni; hisa zake ni za kaunti. Jambo hili limeelezwa mara nyingi mno. La kuuliza ni nani atakayekusanya pesa za bili baada ya mkataba, na kwa miaka mingapi.

Pale Sheria ya Maji ya 2016 inapodai maoni ya umma, kifungu cha 139 kinataka tangazo litolewe kwenye gazeti la kitaifa na kwenye redio inayosikika eneo hilo. Tangazo litaje mahali pa kusomea nyaraka, mahali pa kupeleka pingamizi la maandishi, na siku ya mwisho, ambayo haiwezi kuwa kabla ya siku 30 tangu tangazo litoke. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa hadi siku 21 kujibu anayeomba nakala ya mkataba, naye anaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Ukiomba siku ya 10, jibu laweza kukufikia siku ya 31, mlango umeshafungwa. Omba siku ile ile tangazo linapotoka. Ombi halilipiwi, unalipia kunakili tu. Huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika hueleza kwa mdomo, afisa akamwandikia. Ukinyimwa, au siku zikipita kimya, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Usiingoje Tume: wasilisha pingamizi, utaje tarehe uliyoomba nakala na kwamba hukupewa.

Ukiupata mkataba, anza na bei: itapitiwa lini, kwa kipimo gani, na je, imefungwa kwa dola? Kisha tazama upotevu. Maji yasiyoleta mapato, yaani yanayovuja, yanayoibwa au yasiyosomwa kwenye mita, nchini ni kati ya asilimia 40 na 50. Mkataba usiotaja kiwango cha kuanzia hauna cha kumbana mwekezaji miaka mitano baadaye. Mwisho, dhamana ya utekelezaji, yaani pesa ambazo mwekezaji hupoteza asipotimiza kazi, na masharti ya kuvunja mkataba. Kwa mfano, Dar es Salaam ilikabidhi huduma kwa City Water, kampuni binafsi, mwaka 2003, kwa mkataba wa miaka 10. Serikali iliuvunja 2005, na mashauri ya usuluhishi yakaburutwa hadi 2008. Tanzania haikulipishwa fidia, lakini ilibidi ijitetee miaka yote hiyo.

Kugoma kulipa bili si pingamizi. Utakatiwa maji, kisha utozwe ada ya kurudishiwa. Kuvunja mita ni kosa la jinai. Tena deni lako huingia kwenye hesabu za kampuni, na hesabu mbovu ndizo hutolewa kama sababu ya kumleta mwekezaji.

Barua yenye “tunakataa” pekee haimlazimu mtu kujibu lolote. Taja kipengele, kasoro yake na badiliko unalotaka, pamoja na nambari ya akaunti yako ya maji na saini. Bunge la kaunti nalo hupokea maombi ya wananchi chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Popote unapopeleka, beba nakala mbili na urudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.