Kuchora tovuti kabla ya kuijenga: yanayoaminiwa Arusha na yaliyo kweli

Kazi nyingi za tovuti Arusha zinatoka kwa watu wa utalii: wanaopandisha wageni Kilimanjaro, wanaowapeleka Serengeti na Ngorongoro, wenye nyumba za wageni kule Njiro. Mteja anataka tovuti iwe hewani kabla msimu wa Juni haujaanza, na bajeti yake imebana. Mbunifu naye anatafuta programu ya kuchorea wayafremu, yaani ule mchoro wa awali unaoonyesha nini kinakaa wapi kwenye ukurasa, kabla ya rangi na picha. Ushauri haukosekani, ila mwingi wake unamaliza hela bure.

"Programu nzuri ni ya kulipia"

Penpot, iliyotengenezwa na kampuni ya Kaleidos ya Hispania, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unaifungua kwenye kivinjari, na mwenye seva yake anaweza kuisimika huko. Pencil unaipakua ikakaa kwenye kompyuta, na inakuja na vitufe, fomu na menyu tayari za kupanga. Draw.io nayo ni ya bure, ingawa wengi wanaijua kwa michoro ya mifumo tu. Kwa tovuti ya kurasa kumi, yoyote kati ya hizo inatosha. Axure RP, ambayo ni ya kulipia, inafaa mifumo yenye masharti mengi, kwa mfano fomu inayobadilika kufuatana na jibu la mtumiaji. Ukiichukua kwa tovuti ya lodge yenye vyumba sita, unalipia uwezo ambao hutaugusa. Na kabla ya programu yoyote kuna kauntabuku na penseli; nusu ya mawazo mabovu hufia hapo kwa gharama ya karatasi mbili.

"Mchoro ukipendeza, mteja anaelewa haraka"

Hii ndiyo inayokula muda kuliko zote. Mwenye kampuni akiona ukurasa umenyooka, una rangi na picha ya tembo, anaamini tovuti imeshaisha. Kikao kizima kinageuka cha kubishania kijani kipi kinafanana na nembo, na swali lililowakutanisha, kama bei itangulie ratiba ya safari au ifuate, halijadiliwi. Balsamiq, iliyoanza mwaka 2008, ina mwonekano wa mchoro wa mkono kwa makusudi hayohayo: kila anayeutazama ajue kazi bado ni mbichi na inaruhusiwa kupanguliwa. Excalidraw, ambayo haina gharama, inachora kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo ile sura ya ovyoovyo usiihesabu kama kasoro ya programu rahisi. Mimi naiona ni faida.

Kinachotakiwa kuwa halisi ni maneno. Watu hujaza maandishi ya Kilatini yasiyo na maana, kisha wanashangaa tovuti ikijengwa mambo hayaenei. Weka habari zenyewe, mfano za njia za kupanda Kilimanjaro: Marangu siku 5 au 6, wageni wanalala kwenye vibanda, Machame siku 6 au 7, Lemosho 7 au 8, huko ni mahema. Jaribu kupanga jedwali hilo kwa upana wa simu. Safu nne, yaani njia, siku, malazi na bei, hazitakaa, na utalijua hilo leo badala ya kuligundua wiki ya mwisho. Hapohapo mteja atalazimika kusema kama bei yake ina ada za hifadhi ndani yake au la, jambo ambalo mgeni atauliza tu.

"Bei iliyoandikwa ndiyo utakayolipa"

Soma maandishi madogo. Bei ya mwezi inayowekwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Inatajwa kwa dola, inatozwa kwa kila mhariri, na shilingi ikishuka bili yako inapanda bila wewe kuongeza chochote. Mipango ya bure nayo ina mipaka yake, hasa idadi ya mafaili unayoweza kuwa nayo kwa pamoja.

Upande wa pili, wapo wanaolipia watu wasiohitaji kulipiwa. Mteja anayetaka kutazama tu hatozwi kitu. Figma, programu nyingine ya kuchorea kwenye kivinjari, na Penpot zote zina kiungo cha kumtumia WhatsApp akafungua kwenye simu yake. Anayelipiwa ni yule anayeshika kalamu.

"Shika jina kubwa, halitayumba"

InVision ilikuwa jina kubwa kwenye programu hizi za kuchorea tovuti. Ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2024. Adobe waliacha kuiuza XD, programu yao ya kazi hiyohiyo, peke yake mwaka 2023. Adobe haohao walikubaliana kuinunua Figma kwa dola bilioni 20 Septemba 2022, kisha wakaachana na mpango huo Desemba 2023 baada ya wasimamizi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza kuukalia kooni. Ukubwa wa jina ni dhamana dhaifu. Jaribu hivi kabla hujatoa hela: chora ukurasa mmoja, utoe kama SVG (aina ya faili la mchoro) au PDF, uufungue kwenye programu nyingine. Ukigoma, kazi zako zimefungiwa humo.

Programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipa, zinazozunguka kwenye flashi, hizo tusizizungumze sana. Kompyuta inayozipokea ndiyo hiyohiyo yenye nywila za wateja wako.

"Bila Mac huwezi"

Inaelekea imani hii ilitoka kwa Sketch, ambayo kweli ni ya Mac peke yake. Figma na Penpot zinakwenda kwenye Windows na Linux kupitia kivinjari. Shida yao ni kutegemea intaneti: umeme ukikatika na ruta ikazimika, unabaki na bando la simu. Pencil na draw.io ya kusimikwa zinaendelea mpaka betri iishe.

"Kila ukurasa uchorwe"

Hapana. Kurasa za njia zote za mlimani zinatumia mpangilio mmoja, kinachobadilika ni maneno. Chora ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa njia moja, na fomu ya kuulizia safari. Michoro mitatu hiyo inaingia kwenye faili moja, na mpango wa bure unaibeba bila wasiwasi.