Dhana ya ndoa: mlioishi pamoja bila cheti, sheria inawatambuaje?

Mtaani Tanzania wanaita "sogea tukae". Kijana amepanga chumba, binti anahamia na begi lake, mtoto anazaliwa, kiwanja kinanunuliwa, na habari ya mahari inabaki kuwa "tutaimaliza tu". Hakuna shehe, hakuna padri, hakuna msajili wa ndoa. Siku wakiachana, au mmoja akifariki, ndugu wanakaa kikao na swali linakuwa moja: huyu alikuwa mke au alikuwa nani?

Kuna majibu mawili yanayozunguka sana, na yote yanaumiza watu. La kwanza ni kwamba mkishaishi miezi sita tayari mmeoana. Sheria haina miezi sita popote. La pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu huwafanya wanawake wafungashe na kuondoka kimya kimya, ni kwamba bila cheti huna chako.

Kinachosemwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, ni hiki: ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kwamba walifunga ndoa halali. Hiyo ndiyo dhana ya ndoa. Lakini inaweza kupingwa. Upande wa pili ukileta ushahidi wa kutosha kwamba ndoa haikuwepo, inaanguka.

Watu wengi hushika ile miaka miwili na kusahau nusu ya pili, ile ya kutambuliwa na watu. Mnaweza kuishi miaka mitano, kila mmoja akimtambulisha mwenzake kwa majirani kama rafiki au mpangaji mwenza, na mahakama isione ndoa hapo. Ndiyo maana kesi hizi husimama au kuanguka kwa vitu vidogo vya nyumbani. Kadi ya kliniki iliyoandikwa jina la baba. Fomu ya bima ya afya ambayo yeye mwenyewe alikujaza kama mwenza. Barua ya serikali ya mtaa. Mkataba wa pango wenye majina yenu wote. Mjumbe wa shina anayesema, "Hawa nawafahamu kama mume na mke, hata msiba wa mama yake mwanamume, huyu mama ndiye aliyesimama kama mkamwana." Shahidi wa namna hiyo anaweza kufanya kazi kubwa kuliko picha hamsini za kwenye simu. Kama unaishi katika hali hii, zitunze karatasi hizo mahali unapoweza kuzifikia, kwa sababu siku ya ugomvi kabati huwa la kwanza kufungwa.

Kinachoiangusha dhana hii mara nyingi ni ndoa nyingine. Mwanamume aliyefunga ndoa ya mke mmoja, tuseme ya kanisani, hana uwezo kisheria wa kuoa tena wakati ndoa hiyo ipo, hata akiishi nawe miaka kumi. Vivyo hivyo mwanamke mwenye mume ambaye ndoa yake haijavunjwa. Udugu wa damu unaokatazwa nao huiangusha.

Hapa pana jambo ninalotamani kila mwanamke alijue. Dhana ikianguka, sheria haikuachi mikono mitupu. Kifungu hicho hicho kinampa mwanamke nafasi ya kuomba matunzo yake na ya watoto, mradi athibitishe kwamba kweli waliishi kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi. Mahakama inaweza pia kutoa amri nyingine kama zile za ndoa inapovunjwa, ikiwemo nani akae na watoto. Kwa hiyo lile neno la "mimi nina mke wangu wa ndoa, wewe huna lolote" si kweli. Na haki ya mtoto kutunzwa na wazazi wake haitegemei cheti cha ndoa hata kidogo.

Upande wa mali, mahakama hutazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango. Kupika, kulea, kufua, kulinda nyumba mwenzako akiwa safarini, vyote vina uzito. Hilo halimaanishi nusu kwa nusu. Ni lazima ueleze ulifanya nini na mali gani ilipatikana mkiwa pamoja.

Kenya mambo yamekazwa zaidi. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra, na anayeidai alete ushahidi mzito: kuishi pamoja muda mrefu, uwezo wa kisheria wa kuoana, nia na ridhaa ya wote wawili, na kujitambulisha kwa watu kama wanandoa. Katika shauri hilo aliyedai ndoa alikuwa mwanamume. Dai la ndoa lilikataliwa, lakini kwa kuwa alichangia kupatikana kwa mali waliyokuwa wakigombania alipewa asilimia 30, na mwanamke asilimia 70.

Kwa Tanzania, shauri la ndoa linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, basi usiogope kwamba hutaelewa kinachosemwa. Kabla ya kufungua shauri pitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na wakishindwa kuwapatanisha dai hati yao inayosema hivyo, kwa kuwa mahakama itaiulizia. Kama huna fedha za wakili, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa watoa msaada wa kisheria bila malipo. Na kama mnaelewana na hakuna kizuizi, hakuna sababu ya kungoja: nendeni mkafunge ndoa na kuisajili mkiwa hai na mkiwa pamoja.