Bega limepanda, na mwenyewe huna habari

Nilimpokea mteja mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na shingo kwa zaidi ya mwaka. Ni mhasibu, anashinda mbele ya kompyuta kutwa nzima. Alikwishabadilisha kiti mara mbili, akanunua mto wa mgongo, akapandisha skrini, na maumivu yakabaki palepale: yanaanzia kisogoni, yanashuka hadi juu ya bega la kulia. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wengi huja wakitegemea tuanze moja kwa moja na kunyoosha shingo. Yeye nilimpa kompyuta yangu, nikamwambia, "Dada, andika barua pepe ya kazi kama unavyomwandikia bosi wako." Kisha nikaweka kiganja juu ya bega lake, bila kulikandamiza.

Kabla hajagusa herufi ya kwanza, bega lilipanda. Si sana, kama upana wa kidole. Pumzi nayo ikasimama. Aliandika mistari mitatu bega likiwa hukohuko juu.

"Mbona umeinua bega?"

"Sijainua, daktari."

Hakuwa anabisha. Kweli hakuwa na habari. Na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, hilo ndilo ninaloliona zaidi kwa watu wa mezani: wanakaza misuli siku nzima bila kujua kwamba wanaikaza, halafu wanatafuta kosa kwenye kiti.

Msuli ukikazwa kwa nguvu huchoka upesi, na mwenye nao anajua. Wenye kuleta balaa ni ule uliokazwa kidogo tu, kwa saa nyingi. Ukitembea, misuli ya mguu inakaza na kulegea, inakaza na kulegea, na kila mara inaisukuma damu isonge. Msuli uliokazwa bila kulegea unabana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake. Damu mpya inaingia kwa shida, na baada ya muda msuli unaanza kuwaka na kuuma. Kwa watu wa kompyuta anayeumia zaidi ni trapezi, msuli mpana unaotoka kisogoni, ukapita juu ya bega na kushuka hadi katikati ya mgongo. Huohuo ndio unaoinua mabega tunaposhtuka au tunaposikia baridi. Kwa hiyo siku yenye presha kazini, hata kama umekaa vizuri kabisa, msuli huu uko kazini. Na kichwa kikisogea mbele kuifuata skrini, uzito wake, karibu kilo 5, unaangukia misuli ya kisogo.

Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, alilifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1929 akachapisha kitabu kuhusu njia yake ya kulegeza misuli hatua kwa hatua. Msingi wake ni kwamba huwezi kulegeza msuli usiouhisi. Kwa hiyo unaukaza kwanza kwa makusudi, uujue mkazo ulivyo, kisha unauachia.

Mezani ninafundisha hivi. Vuta mabega juu kuelekea masikioni, kama mtu anayesema "sijui". Usitumie nguvu zako zote, nusu inatosha. Shikilia kwa sekunde 5, kisha achia kwa mkupuo, yaanguke yenyewe. Halafu usifanye chochote kwa sekunde 10 hadi 15, sikiliza tu uzito wa mikono inavyoning'inia. Hapo watu hufanya pupa, wanarudi kwenye kibodi mara moja, ilhali ndipo ubongo unapojifunza tofauti ya msuli uliokaza na uliolegea. Rudia mara tatu. Viganja navyo vifanye vivyo hivyo, kwa kukunja ngumi na kuiachia.

Taya sipendi watu walikaze, hasa kama tayari linauma. Hilo linatosha kulikagua. Mdomo ukiwa umetulia, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana. Huachana kwa milimita 2 hadi 4. Hebu angalia yako sasa hivi. Kama yamegusana, funga midomo, yaachanishe meno, ulimi ulale.

Kuhusu pumzi, mtu mwenye wasiwasi hupumulia kifua cha juu, na kuinua zile mbavu za juu ni kazi ya misuli ya shingo. Kwa pumzi 15 kwa dakika, siku ya kazi ya saa 8 ina pumzi 7,200. Shingo iliyochoka haina haja ya mzigo huo. Weka mkono juu ya kitovu, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lijae, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi, ndiyo maana naomba kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumzi tano au sita zinatosha.

Kiti na meza ni muhimu, lakini si kwa kiasi watu wanachodhani. Nyayo zikanyage chini, viwiko viwe na pa kuegemea, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Baada ya hapo, badilisha mkao mara kwa mara na usimame walau kila nusu saa. Sijawahi kuona mkao mzuri kiasi cha kukaliwa saa tatu.

Yule dada alinionyesha picha ya meza yake. Kibodi ilikuwa ndefu, yenye tarakimu upande wa kulia, na kipanya kimesukumwa mbali kabisa, mkono umenyooka kukifuata. Hilo lilieleza kwa nini ni bega la kulia. Tulihamishia kipanya mkono wa kushoto, na tukakubaliana kwamba kila akituma barua pepe, anashusha mabega kabla ya kufungua nyingine. Wiki ya tatu maumivu yalikuwa hayajaisha, ila alinieleza kwamba sasa analihisi bega likianza kupanda.

Yapo maumivu ambayo mazoezi haya hayayahusu. Ganzi vidoleni, vitu kukuponyoka mkononi, maumivu yanayoshuka mkono mzima, yanayokuamsha usiku au yaliyoanza baada ya kuanguka: nenda ukapimwe kwanza. Na maumivu ya kifua yanayosambaa hadi begani, mkononi au tayani, pamoja na jasho au kukosa pumzi, usiyasubirishe hata kidogo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.